Mkaguzi huru wa mizigo niliyemwita kwenye klemu (dai la fidia) ya koili zenye kutu, maoni yangu baada ya kumtumia mara mbili

Wakuu, hii nawaandikia madereva wenzangu wa fletibedi, yaani trela za wazi zisizo na kuta, hasa nyie mnaoendesha gari zenu wenyewe, maana tajiri mwenye gari hamsini ana mwanasheria na ana mtu wa bima wa kumpigia simu usiku, sisi tuna turubai, minyororo na simu ya mkononi basi. Huduma ninayoielezea ni ya mkaguzi huru wa mizigo, wengine wanamwita saveya, yule anayekuja kuangalia mzigo ulioharibika na kuandika ripoti kwamba umeharibikaje na umeharibikia wapi. Simtaji jina, na wengine wote waliokuwemo kwenye kisa hiki nawaacha bila majina pia. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja aliyoikosa nitaisema huko mbele.

Nilipakia koili nne za chuma, yaani bati refu la chuma lililoviringishwa kama mkeka, kwenye yadi ya bandari, kila moja tani sita na kidogo, zimeviringishiwa karatasi ngumu ya kuzuia unyevu na juu yake bati jembamba lililobanwa kwa mikanda ya chuma. Zilikuwa zimekaa nje kwenye zege, hazijafunikwa na chochote. Fokolifti inaleta ya pili nikaona kwenye bati michirizi ya kahawia, kama mtu aliyelia akaacha machozi yakauke, imeanzia ukingoni mwa tundu la katikati ikashuka chini. Ya tatu nayo hivyo hivyo. Nikapiga picha tatu, nikamfuata karani wa upakiaji na delivari noti, ile hati ya mzigo, mkononi, nikamwambia kaka hizi mbili zina kutu, acha niandike hapa. Akanijibu huku anaandika mambo yake, "Dereva, ukichafua hiyo karatasi unashusha mzigo unarudi tupu."

Mnaijua hiyo hali. Nyuma yako kuna foleni ya magari, umeshasubiri tangu alfajiri, koili mbili ziko tayari juu ya trela, na mtu anakuambia chagua kati ya kuandika ukweli na kupata safari. Nikasaini nakala yake ikiwa safi, bila angalizo lolote. Hilo ndo kosa langu na nalikubali. Kwenye nakala yangu nikaandika kwa mkono, "koili namba 2 na 3 bati lina michirizi ya kutu wakati wa kupakia", nikaweka tarehe na saa. Alafu kabla sijashusha turubai nikamtumia dalali wa mzigo zile picha tatu na ujumbe mfupi kwamba koili mbili zina michirizi ya kutu, nimeandika kwenye noti, naondoka. Akajibu kwa alama ya kidole gumba. Neno hata moja hakuandika, gumba tu. Mkumbuke hilo gumba.

Nikafunga. Koili ya tani sita sio kitu cha kubahatisha, nikaweka mbao za kuzuia kubingirika mbele na nyuma ya kila moja, minyororo ikapita kwenye tundu, nikaweka mipira pale mnyororo unapogusa ukingo, nikakaza, nikashusha turubai na kulifunga kamba kila pete. Kwenye kukagua njiani mimi nafuata kipimo cha kanuni za Marekani, unasimama kuangalia ufungaji ndani ya maili 50 za mwanzo, ambazo ni kama kilomita 80, kisha kila maili 150 au kila saa tatu au unapobadilisha hali ya kazi, kama kutoka kuendesha kwenda kupumzika, kinachotangulia. Kinafaa popote kwa sababu mnyororo ukilegea unalegea mapema, mzigo ukishajikalia. Kila niliposimama nilipiga picha ya turubai na ya minyororo. Usiku wa pili mvua ikanyesha, mvua ya kweli, wipa zinashindwa.

Kufika kwa mpokeaji, asubuhi, wakavua turubai na upande wake wa ndani una matone. Sio mengi, ila yapo, na juu ya bati za koili zote nne kuna unyevu. Msimamizi wa ghala akaangalia matone, akaangalia ile michirizi ya kahawia ambayo sasa ilikuwa imekolea, akaniangalia mimi. Kwake hesabu imeisha hapo, mvua jana, turubai, maji, kutu. Akaandika kwenye noti kwamba mzigo umelowa, turubai bovu, koili zote nne zinakataliwa. Mimi nikaomba kalamu nikaandika chini yake kwamba turubai halina tundu, kutu ya koili mbili ilionekana wakati wa kupakia, napinga. Hakupenda, lakini safari hii sikukubali kusaini bila maneno yangu.

Hayo matone niyaseme kidogo kwa sababu yanawaumiza madereva wengi wasio na hatia. Chuma kizito kinapoa usiku na kinakaa na baridi yake muda mrefu, hewa ya asubuhi ikipata joto na unyevu ikakigusa basi inatoa maji, sawasawa na glasi ya maji baridi inavyotokwa jasho. Na chini ya turubai lililokazwa vizuri hakuna upepo wa kukausha. Kwa hiyo turubai zima kabisa, lisilo na tundu hata la sindano, linaweza kuonyesha matone kwa ndani. Mtu wa ghala akiona matone anasema limevuja.

Kufika mchana dalali ananipigia, sauti imebadilika, ananiambia malipo ya safari hii yamezuiwa mpaka klemu iishe, na sio hii tu, na nyingine mbili za nyuma ambazo sijalipwa nazo zinazuiwa. Safari mbili zisizohusiana kabisa na chuma! Nikawapigia bima yangu ya mizigo. Yule dada alikuwa na adabu sana ila alichonisomea kilinikata maini, kwamba mkataba wangu wa bima haulipii kutu na kulowa isipokuwa vimesababishwa na ajali ya gari. Nilikuwa nalipia bima miaka yote hiyo na kifungu hicho sijawahi kukisoma. Kama unabeba chuma kwenye trela ya wazi kasome chako leo, tafuta neno kutu na neno turubai, wengi mtakikuta kifungu hicho kimo humo humo.

Hapo ndo nikamtafuta mkaguzi huru.

Kitu cha kwanza kilichonifanya nimwamini ni maswali yake kwenye simu. Hakuniuliza nani ana makosa. Aliuliza turubai liko wapi sasa hivi, nikamwambia nimelikunja, akaniambia kalitandaze tena kama lilivyokuwa, upande wa ndani juu, na mtu yeyote asilifute. Akauliza koili zimeshushwa? Nikasema bado, wamezikataa. Akasema vizuri sana mzee, zisishuke, usihamishe gari, mwambie mpokeaji kwa maandishi kwamba nakuja kesho saa tatu na namkaribisha aweke mtu wake tukague pamoja. Hilo la kukagua pamoja nilikuwa sijui uzito wake. Ripoti iliyoandikwa upande mmoja haupo mpokeaji anaikataa kirahisi, anasema sikuwepo. Akiwa na mtu wake pale, ameona kwa macho, na amesaini kwamba alihudhuria hata kama hakubaliani, ni kazi ngumu kwake kuja kugeuza.

Akafika saa tatu kasoro. Mpokeaji akaleta kijana wake wa kukagua ubora, kijana mzuri tu, ana daftari. Mkaguzi alianza kwa kuzunguka gari taratibu bila kugusa kitu, anapiga picha za mbali kwanza, gari zima, pande zote nne, namba ya trela, alafu anasogea, alafu anasogea tena. Kumbe picha zangu zote za njiani zilikuwa za karibu tu, mnyororo, pete, kamba, huwezi kujua ni gari gani wala mzigo gani. Aliniambia kwa upole, "Kaka, picha ya karibu bila ya mbali ni kama jicho lisilo na uso." Tangu siku hiyo kila kituo napiga kwanza ya mbali inayoonyesha namba ya trela, alafu ndo za karibu.

Kisha akachukua tochi kali, akaingia chini ya turubai tulilolinyanyua juu ya fremu, akatuambia tufunge pembeni pawe giza, akamulika kutokea nje. Kama kuna tundu mwanga unapita. Haukupita hata sehemu moja. Kijana wa ubora akaandika. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya turubai na mikono inatetemeka, sio kwa uzito.

Alafu akatoa kichupa kidogo cha kahawia chenye kidondoshi. Ndani yake kuna silva naitreti. Nielezee vizuri maana hiki ndicho kilichobeba kesi. Silva naitreti ikikutana na kloraidi, yaani chumvi ya aina ile iliyomo kwenye maji ya bahari, inageuka nyeupe kama maziwa hapo hapo. Maji ya bahari kwa wastani yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita moja, mvua haina chumvi ya kuhesabika. Kwa hiyo ukidondoshea kwenye kutu iliyotokana na mvua tone linabaki angavu, au linapata ukungu hafifu sana, ukidondoshea kwenye kutu iliyotokana na maji ya bahari linapiga weupe unaouona ukiwa umesimama mbali.

Hakuanzia kwenye kutu. Alianzia kwenye maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, aliyokuja nayo kwenye chupa, tone moja, likabaki angavu, akamwonyesha kijana kwamba dawa ni nzima. Akaenda kwenye matone ya ndani ya turubai, angavu. Mbao za trela, angavu. Bati la koili namba 1, ambalo lilikuwa na unyevu lakini halina michirizi, angavu. Namba 4 hivyo hivyo. Akafika namba 2, pale ukingoni mwa tundu michirizi inapoanzia, akadondosha. Nyeupe. Maziwa kabisa, yanashuka juu ya kutu ya kahawia polepole. Hakuna aliyesema kitu. Namba 3, nyeupe. Kijana wa ubora akasogea akainama, akaomba arudie sehemu nyingine ya koili ile ile, akarudia, nyeupe tena.

Tone moja lilinidondokea kwenye kidole cha shahada nikalifuta na suruali. Jioni kidole kina doa jeusi, ile dawa ikipigwa na mwanga inaweusisha ngozi, na lilikaa karibu wiki nzima.

Sasa hapa nimsifu kwa kitu ambacho mwingine asingekifanya. Alimgeukia yule kijana akamwambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kipimo hiki kinaonyesha kuna kloraidi, hakisemi imetoka baharini. Kuna nchi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kuna hewa ya pwani, hivyo vyote vinaweza kuleta weupe. Nilikasirika kidogo moyoni, nikasema huyu nimemlipa mimi mbona anawapa silaha. Lakini ndivyo ilivyo, na ndo maana hakuishia kwenye kichupa.

Aliomba ruhusa kwa mpokeaji wafungue bati la namba 2. Wakakata mikanda, wakatoa bati, wakachana karatasi. Na hapo kila mtu aliona. Kwenye uso wa koili, ule wa pembeni unaoonyesha mikunjo ya chuma kama kitabu kilichofungwa, kulikuwa na mstari wa kutu ulionyooka, kama mtu amepiga kwa rula, upande mmoja kumeoza na upande wa pili chuma kinang'aa. Mstari wa kina cha maji. Koili hiyo iliwahi kukaa kwenye maji yaliyotuama na maji yakafika hapo yakaishia hapo. Akatoa kipimo cha fundi mwashi, kile chenye povu la hewa, akakiweka juu ya mstari. Mstari ulikuwa umesimama. Namaanisha wima, kutoka juu kwenda chini, jinsi koili ilivyokaa kwenye trela yangu.

Maji yaliyotuama hayasimami wima. Koili ni duara, inabingirishwa, inageuzwa ikitoka kwenye meli ikienda yadi ikienda kwenye gari, na ilipoloweka ilikuwa imekaa upande mwingine kabisa, robo mzunguko nyuma. Kwenye gari yangu ilikaa namna moja tu tangu ilipopakiwa, minyororo imepita kwenye tundu, picha zangu za kupakia zinaonyesha lebo iko upande uleule iliyopo sasa. Kwa hiyo haikulowekwa kwenye gari yangu, haiwezekani, na hilo halihitaji kemia. Kijana wa ubora alilielewa kabla mkaguzi hajamaliza kusema, nilimwona anachora duara kwenye daftari lake na mstari katikati.

Kuhusu ripoti. Ilikuja na kurasa kumi na kitu, picha zimepangwa kwa mpangilio wa saa, na zile picha zangu tatu za yadi ameziweka mbele kabisa pamoja na ule ujumbe kwa dalali na kidole gumba chake. Aliandika kwamba dalali aliarifiwa hali ya mzigo kabla gari halijaondoka na hakupinga. Nakala yangu ya noti peke yake isingetosha, akaniambia waziwazi, kwa sababu maneno niliyaandika mwenyewe kwenye karatasi yangu na karani hakusaini, yeyote angesema niliyaongeza njiani. Ujumbe wa simu una saa yake na uko kwenye simu ya mtu mwingine. Siwezi kuuandika baadaye.

Na jambo la noti safi, nilimuuliza kwa nini ina nguvu hivyo, akanielekeza pa kusoma na nimesoma. Kwa Ulaya, safari za mizigo za kuvuka mipaka kwa barabara zinaendeshwa na mkataba wa CMR wa 1956, na unasema dereva asipoandika angalizo lolote na sababu zake kwenye hati ya mzigo basi inachukuliwa mzigo na vifungashio vilikuwa vizima kwa nje alipopokea, mpaka athibitishe vinginevyo. Mlango wa kuthibitisha uko wazi ila mzigo wa kuthibitisha ni wako. Marekani wana sheria ya Carmack, ya dhamana ya msafirishaji kwa mzigo, tangu 1906, mdai anaonyesha mzigo ulitoka mzima, ukafika mbovu, na hasara ni kiasi gani, basi msafirishaji ndo anabaki kujinasua, aonyeshe hakuzembea na kwamba sababu ni kati ya zile chache zinazokubalika, mojawapo ni kosa la mpakiaji mwenyewe, nyingine ni tabia ya mzigo wenyewe. Lakini huko pia noti safi inathibitisha kile tu dereva aliweza kukiona, kilichoko ndani ya kifungashio kilichofungwa inabidi mdai alete ushahidi mwingine. Chuma kilichoviringishwa karatasi na bati ni mfano mzuri kuliko wote.

Kitu kingine cha CMR kinachotuhusu sisi wa trela za wazi, msafirishaji anaweza kuondolewa dhamana kama uharibifu umetokana na kutumia gari la wazi lisilofunikwa, pale tu ambapo hilo lilikubaliwa waziwazi na likaandikwa kwenye hati. Kuandikwa ndo kila kitu. Mteja akikuambia kwa mdomo usijisumbue na turubai, mwambie aiandike kwenye noti, kama hataki funika.

Muda nao. CMR inampa mpokeaji siku 7 kulalamika kwa maandishi kwa uharibifu usioonekana kwa nje, Jumapili na sikukuu hazihesabiki, ule unaoonekana anausema palepale wakati wa kupokea. Marekani msafirishaji haruhusiwi kuweka muda wa kuleta klemu ulio chini ya miezi 9, na yeye akishapokea klemu anatakiwa akiri kuipokea ndani ya siku 30 na ndani ya siku 120 alipe, akatae au atoe pendekezo la maana. Hizi namba nazitaja kwa sababu dalali wangu alikuwa ananiambia kila siku "jibu leo au nakata", na hakuna sheria niliyoikuta inayosema jibu leo. Ukishinikizwa hivyo andika kwamba umepokea klemu, unachunguza, mkaguzi amekuja tarehe fulani, na usiandike pole wala samahani wala tutaangalia namna ya kufidia. Nilikuwa nimeshaandika "samahani kwa usumbufu bosi" kwenye ujumbe wa kwanza na mkaguzi akaniuliza samahani ya nini, umefanya nini.

Mwisho wa koili ulikuwa huu. Mpokeaji alizipokea namba 1 na 4 bila punguzo, unyevu wa nje tu, bati lilifutwa. Namba 2 na 3 wakakata mikunjo ya nje iliyooza na pembe zilizoliwa, sehemu kubwa iliyobaki ikatumika. Mkaguzi ndiye aliyelisukuma hilo, alipima kina cha kutu akasema hakuna sababu ya kuhesabu koili nzima kuwa skrepa, na anayedai ana wajibu wa kupunguza hasara. Klemu iliyoanza na koili nne ikabaki sehemu ya mbili, na ikaelekezwa kwa upande wa bandari na mpakiaji. Dalali akaachia malipo ya zile safari mbili kwanza, ya tatu akaichelewesha mwezi mwingine bila sababu aliyoweza kuisema, kisha akalipa.

Nyota aliyoikosa sasa. Ripoti ilichukua wiki tatu wakati aliniahidi moja, na wiki hizo tatu pesa yangu ya safari tatu imekaa kwa mtu. Simu alikuwa hapokei, ujumbe anajibu usiku sana kwa neno moja. Na lugha ya ripoti ni nzito, kurasa mbili za mwanzo nimesoma mara nne, ingekuwa vizuri aweke nusu ukurasa wa mwanzo kwa maneno ya kawaida kwamba nini kimetokea na wapi, maana anayeamua kuachia malipo sio mwanasheria, ni mtu wa ofisini mwenye haraka. Gharama yake pia sio ndogo kwa mtu wa gari moja. Kwa klemu ndogo, kona moja ya mbao imevunjika, itakula zaidi ya unachogombania.

Mara ya pili nilimwita kwenye mzigo mwingine, nguzo ndefu za alumini, mpokeaji amezikataa kwa sababu kingo zimebonyea kila baada ya mita kadhaa. Mimi nilikuwa na uhakika zimetoka kiwandani hivyo. Nilikuwa na picha za mbali na za karibu safari hii, nilikuwa nimeandika kila kitu, nilisimama pale kifua mbele. Akapima umbali kati ya mbonyeo na mbonyeo, akaenda kwenye trela akapima umbali kati ya racheti na racheti, vile vikaza mikanda. Ulilingana. Upana wa kila mbonyeo ulikuwa upana wa mkanda wangu, inchi 4. Nilikuwa nimeweka vilinda kona kwenye safu ya juu upande wa dereva, upande wa pili viliisha nikakaza mkanda moja kwa moja juu ya alumini, na alumini ni laini, ukiikaza kama unavyokaza chuma inabonyea.

Aliandika hivyo hivyo. Sikumwomba abadilishe ila niliuliza kama lazima sentensi ya vilinda kona iwe kwenye ukurasa wa kwanza, akasema, "Mzee, ile ya koili uliipenda kwa sababu niliandika nilichokiona." Nilinyamaza. Nililipa klemu hiyo, bima ikachangia sehemu kwa kuwa hiyo haikuwa kutu, na nimenunua vilinda kona vya kutosha pande zote mbili na vya akiba kwenye sanduku la vifaa. Kuna dereva mwenzangu aliniambia huyo mkaguzi hafai, unamlipa alafu anakukandamiza. Mimi naona kinyume chake kabisa. Ripoti yake ya koili ilikubalika na mpokeaji, dalali na bandari kwa sababu watu wa kazi hiyo wanajua huyu akiona mbonyeo wa mkanda anaandika mbonyeo wa mkanda. Mkaguzi anayeandika anachotaka anayemlipa, ripoti yake haina kazi siku unayoihitaji.

Kwa hiyo nani amwite? Wewe mwenye mzigo wa thamani uliokataliwa wote, unaodaiwa umelowa au umeoza au umegongwa, na una sababu ya kuamini kosa halikutokea kwako. Mwite siku hiyo hiyo, kabla mzigo haujashuka, maana baada ya wiki moja kila kutu inafanana. Kama mzigo umeshashushwa na umechanganywa na mwingine ghalani mwenyewe atakuambia usipoteze hela, mimi aliwahi kuniambia hivyo kwa simu kuhusu mzigo wa tatu na hakunitoza chochote.

Barua ya kudai gharama ya ukaguzi wa zile koili nimeipeleka kwa upande wa mpakiaji pamoja na ripoti nzima, wamekiri kuipokea, bado hawajajibu. Na yule karani wa yadi nilikutana naye tena mwezi uliopita, nikamwonyesha bomba mbili zilizopinda, nikamwambia kaka leo naandika kwenye nakala zote, yako na yangu. Alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akaandika mwenyewe na akasaini.